Maswali Yenu: Hawa kina Medina wametoka wapi?

Wapendwa wasomaji, toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba jina la ukoo Medina, lile la Wahispania, asili yake ni neno la Kiarabu, halafu nikaendelea na mambo mengine. Kumbe nimewagusa pabaya. Barua zimeingia mpaka nimeshindwa kuzijibu moja moja, kwa hiyo leo safu nzima naiachia Medina na watu wake na miji yake. Nimechagua barua saba, nimezifupisha kidogo, na zile zilizouliza jambo moja nimeziunganisha.

SWALI: Nliona ile picha ya Olimpiki ya 2024, yule Mbrazili Gabriel Medina kasimama hewani juu ya bahari, kidole juu, na ubao wake nao umesimama wima pembeni kama vile ameuambia usimame. Toka siku hiyo najiuliza, hii Medina si ndo Madina tunayoijua sote? Jamaa ana asili ya Kiarabu? (Mpenda michezo)

JIBU: Ndugu yangu, picha ile na mimi niliiangalia mara nyingi sana. Ilipigwa Teahupo'o, kisiwani Tahiti, manake Olimpiki yenyewe ilikuwa Paris lakini mchezo wa kuteleza kwenye mawimbi ulipelekwa huko yaliko mawimbi yenyewe, na Gabriel akaondoka na medali ya shaba. Kabla ya hapo alishakuwa bingwa wa dunia mara tatu, 2014, 2018 na 2021, na ule wa 2014 ulikuwa wa kwanza kabisa kwa Mbrazili yeyote.

Sasa neno lenyewe. Ndiyo, ni lile lile. Kiarabu madina maana yake mji. Waislamu kutoka Afrika Kaskazini, Waarabu na Waberberi, walivuka bahari kuingia Hispania mwaka 711, na sehemu fulani ya nchi ile iliendelea kuwa chini ya watawala Waislamu mpaka Granada ilipoanguka mwaka 1492, piga hesabu ni karibu miaka 800. Miaka yote hiyo mji wenye ukuta na soko na msikiti mkuu watu waliuita madina tu, kama sisi tunavyosema naenda mjini na kila mtu anaelewa mji upi. Wafalme Wakristo wa kaskazini walipoiteka miji hiyo mmoja baada ya mwingine hawakuyatupa majina, waliongeza tu neno la kutofautisha, ndo maana leo unakuta Medina del Campo yaani ya uwandani, Medina de Rioseco ya mto mkavu, Medina de Pomar ya bustani ya miti ya matunda, halafu kuna Medina Sidonia kule kusini mkoa wa Cádiz na Medinaceli juu ya kilima mkoa wa Soria.

Lakini mji unageukaje kuwa ukoo? Hapa ndo pananifurahisha mimi kuliko pote. Mtu akiwa bado anakaa Medina hawezi kuitwa "wa Medina", atatofautishwa na nani wakati jirani zake wote ni wa Medina? Anaitwa hivyo akishahama. Anafika Seville au Toledo, anawakuta akina Juan wengine watano, basi huyu mgeni wanamwita Juan de Medina, Juan wa Medina, na mwanae naye anaitwa hivyo hivyo hata kama hajawahi kuuona huo mji, na mjukuu vile vile, mwisho ile "de" kwa wengi ikadondoka ikabaki Medina peke yake. Kwa hiyo ukikutana na mtu wa ukoo huu jua kuna babu yake mmoja aliyefunga mzigo akaondoka. Na kwa kuwa miji yenyewe ilikuwa mingi na kila mmoja ulitoa watu kwa mamia ya miaka, kina Medina sio ukoo mmoja, wala usiwatafutie babu mmoja.

Swali lako la damu ya Kiarabu sasa. Jina halitoshi kukuambia. Mchungaji wa kondoo Mkristo kutoka kaskazini kabisa angeweza kuhamia Medina del Campo baada ya kutekwa, mwanae akahamia Seville, akaitwa de Medina bila tone la Uarabu. Na Mwislamu wa mji huo huo aliyebatizwa angeweza kuitwa hivyo pia. Jina linataja mahali alipotoka babu, basi. Na kwa Gabriel kuna jambo la ziada, majina yake kamili ni Gabriel Medina Pinto Ferreira, na kwa desturi ya Kireno jina la upande wa mama hutangulia na la baba hukaa mwisho, kwa hiyo hiyo Medina dunia nzima inayoijua ni ya mama yake.

Halafu usidhani neno hili liko mbali na sisi. Utamaduni, neno tunalolitumia kila siku, limetoka Kiarabu tamaddun, kuishi kimji, kustaarabika, na mzizi wake ni ule ule wa madina. Yaani tukisema utamaduni wetu na Mhispania akisema jina lake Medina tumechota kisima kimoja.

SWALI: Basi na madini nayo ni hapo hapo? Medina, madini, naona herufi zinafanana mno. (Mwalimu wa Kiswahili)

JIBU: Hapana mwalimu, hapo masikio yanatudanganya. Madini yanatoka kwenye maadin, wingi wa maadan, na mzizi wake unaanza na ile herufi ain, wakati madina mzizi wake unaanza na mim. Ni nyumba mbili tofauti.

Ila nashukuru umeuliza, manake historia iliziunganisha hizo nyumba mbili kwa namna ambayo nilipoisoma mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikakaa kimya. Kuna mji Hispania unaitwa Almadén, na huo kweli ni madini yetu, al-maadan, machimbo. Kinachochimbwa pale ni zebaki, tena walichimba kwa karibu miaka elfu mbili, mpaka UNESCO ikaupa hadhi ya urithi wa dunia mwaka 2012. Sasa miaka ya 1550 alikuwepo mfanyabiashara wa Seville anaitwa Bartolomé de Medina. Akamuacha mke na watoto akavuka kwenda Mexico akiwa na wazo moja kichwani ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, alilipata kwa Mjerumani mmoja, kwamba fedha inaweza kutolewa kwenye mawe kwa kutumia zebaki bila kuyayeyusha kwa moto. Wakati huo kuyeyusha kulikuwa kunakula kuni hatari, misitu inaisha, na mawe yenye fedha kidogo yalikuwa yanatupwa tu kwa sababu hayalipi. Bartolomé akakaa Pachuca akijaribu, anashindwa, anajaribu tena, mpaka mwaka 1554 kuelekea 1555 akafanikiwa.

Njia yenyewe waliita ya patio, yaani ya uani. Mawe yanasagwa mpaka yanakuwa unga, unamwagwa kwenye uwanja mpana uliosakafiwa, unachanganywa na maji, chumvi, zebaki na madini ya shaba yaliyochomwa, halafu nyumbu wanazungushwa kuukanyaga huo udongo kwa wiki kadhaa. Zebaki inakumbatiana na fedha, udongo unaoshwa, kile kilichobaki kinachomwa, zebaki inaondoka na mvuke na fedha inabaki. Rahisi ukiisikia. Njia hiyo iliendeshwa kwenye migodi ya Amerika kwa zaidi ya miaka 300, na fedha ile ndo ilijaza hazina ya Hispania na masoko ya dunia, hadi China.

Lakini naomba tusiishie kwenye sifa za ugunduzi. Zebaki ni sumu. Kule Almadén walipelekwa wafungwa na watumwa kuichimba, wengi wakaanza kutetemeka mikono na kupoteza meno na akili, na huku Amerika ni wenyeji waliolazimishwa kazini ndo walioivuta ile hewa na kuukanyaga ule udongo. Kwa hiyo mtu aliyeitwa "wa Mji" alichukua zebaki ya mji ulioitwa "Machimbo" akabadilisha dunia, na gharama yake ilibebwa na watu ambao majina yao hatuyapati popote.

SWALI: Shikamoo mzee. Mi ni mwanafunzi, kwenye notisi zetu imeandikwa kwamba mwaka 1588 "Medina Sidonia" aliongoza jeshi la majini la Hispania kwenda kuivamia Uingereza. Rafiki yangu anasema huyo ndo mkuu wa ukoo wa Medina. Ni kweli? (Kidato cha tano)

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki yako amekosea lakini ni kosa linaloeleweka, hata watu wazima wanalifanya. Medina Sidonia hapo sio jina la ukoo, ni jina la cheo. Yule bwana aliitwa Alonso Pérez de Guzmán, ukoo wake ni Guzmán, na alikuwa duki wa saba wa Medina Sidonia, duki ikiwa ni cheo cha juu kabisa cha makabaila chini ya familia ya mfalme. Mfalme aliutoa udukii huo kwa ukoo wa Guzmán mwaka 1445, na baadaye kwa ndoa na urithi ukaenda kwa ukoo mwingine, Álvarez de Toledo. Medinaceli nayo ni hivyo hivyo, maduki wake wa mwanzo walikuwa ukoo wa de la Cerda. Kwa hiyo kwenye mtihani usiandike kwamba alikuwa wa ukoo wa Medina.

Na yeye mwenyewe namuonea huruma. Kamanda aliyekuwa ameandaliwa alifariki mapema mwaka huo, mfalme Felipe II akamteua Alonso, naye akaandika barua kuomba aachwe, akaeleza wazi kwamba akipanda meli anaugua na kwamba vita vya baharini havijui. Mfalme hakukubali. Akaondoka Lisbon na meli kama 130, na wakati wa kurudi meli nyingi zikaishia kwenye miamba ya Ireland kwa dhoruba. Lawama zote zikamuangukia yeye ambaye alishasema ukweli tangu mwanzo.

Ukitaka Medina wa kweli wa baharini msome Pedro de Medina. Huyu mwaka 1545 alichapisha pale Valladolid kitabu cha kufundisha ubaharia, jinsi ya kupima jua na nyota ujue uko wapi, kikatafsiriwa Kifaransa, Kiitalia na Kiingereza, yaani maadui wa Hispania walijifunza njia za bahari kwa kitabu cha Mhispania.

SWALI: Nafanya kazi ya kuingiza taarifa za wateja kwenye kompyuta. Ilikuja pasipoti ya mtu wa Amerika Kusini ina majina mawili mwishoni, la kwanza Medina. Mi nikaandika lile la mwisho kama jina la ukoo kama tulivyofundishwa ofisini, mteja akakasirika sana, akasema nimemfuta baba yake. Nilikosea wapi? (Mchapakazi)

JIBU: Pole dada, ila mteja alikuwa na haki yake na ofisi yenu ndo ilipaswa kuwafundisha vizuri. Mtu wa nchi zinazozungumza Kihispania kwa kawaida ana majina mawili ya ukoo, la kwanza la baba, la pili la mama, na linalotangulia ndo linalotumika kwa kifupi. Chukua Danilo Medina aliyekuwa rais wa Jamhuri ya Dominika kuanzia 2012 mpaka 2020. Majina yake ni Danilo Medina Sánchez, na watu wote wanamwita rais Medina, hakuna anayemwita rais Sánchez. Au Isaías Medina Angarita, rais wa Venezuela tangu 1941, yule aliyeruhusu vyama vya siasa vifanye kazi na mwaka 1943 akapitisha sheria ya mafuta iliyoongeza mapato ya serikali kutoka kwa makampuni ya nje, na akapinduliwa Oktoba 1945. Medina ni kwa baba, Angarita ni kwa mama. Ukimuandika Angarita peke yake kweli umemfuta baba.

Kwa hiyo kwenye kompyuta sehemu ya jina la ukoo weka yote mawili, kwa mpangilio ule ule wa pasipoti, usikate. Na mwanamke akiolewa habadili, anabaki na majina yake mawili ya kuzaliwa, kwa hiyo usishangae mume ni Medina na mke sio, na watoto wana mchanganyiko wa wote wawili. Ila usikariri kwamba la kwanza lazima liwe la baba, manake Hispania tangu 1999 wazazi wanaruhusiwa kukubaliana la mama litangulie, na tangu mwishoni mwa Juni 2017 hata ile ya kwamba msipotamka linatangulia la baba imeondolewa, wazazi wanatakiwa waseme wenyewe. Sharti ni kwamba watoto wote wa tumbo moja wafuate mpangilio mmoja. Na Mbrazili usimchanganye humu, nimeshaeleza hapo juu kwao ni kinyume.

SWALI: Kwenye intaneti kuna orodha ndefu ya majina ya Kihispania inayosema wenye majina hayo ni Wayahudi waliofukuzwa, na Medina limo. Halafu mwingine ananiambia ni jina la Waislamu. Tushike lipi? (Msomaji wa muda mrefu)

JIBU: Shika kwamba orodha ile haina nguvu yoyote. Mwaka 2015 Hispania ilipitisha sheria ya kuwapa uraia wazao wa Wayahudi waliofukuzwa mwaka 1492, na tangu habari za sheria hiyo ziliposikika kabla haijapita ikaanza kuzunguka orodha yenye majina maelfu, watu wanatumiana, wengine wanalia kwa furaha, na serikali ikalazimika kusema haijatoa orodha ya namna hiyo. Ilibidi mtu athibitishe asili yake kwa vielelezo, jina peke yake halikutosha. Maombi yenyewe yalifungwa 2019.

Hata hivyo Wayahudi wenye jina hili walikuwepo, hilo halina ubishi. Solomon de Medina alikuwa mfanyabiashara kule Uingereza wakati wa mfalme William III, akapewa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1700, Myahudi wa kwanza anayeifuata dini yake kupewa hiyo heshima kule. Kazi yake ilikuwa kulisha majeshi ya Uingereza vitani, mikate na mikokoteni. Lakini pembeni yake kulikuwa na kina Medina mapadri wa Kikatoliki, askari, mafundi. Mahali hapachagui dini.

Na kuna kundi kubwa ambalo orodha hizi hazilitaji kabisa. Wahispania walipotawala Amerika, wenyeji waliobatizwa na Waafrika waliopelekwa utumwani walipewa mara nyingi jina la bwana wao au la mtu aliyewasimamia ubatizo. Kule Ufilipino gavana aliamuru mwaka 1849 familia zichukue majina ya ukoo kutoka kwenye kitabu kilichoandaliwa na serikali. Kwa hiyo Medina wengi sana wa leo babu zao hawakuiona Hispania hata kwa mbali, na jina walilovishwa wamelifanya lao kabisa, limezaa marais na mabingwa.

Kama hili la dini linakugusa tafuta habari za José Toribio Medina wa Chile, aliyezaliwa Santiago mwaka 1852 na kufariki 1930. Huyu mzee ninamheshimu mno. Alizunguka kwenye hifadhi za nyaraka za Amerika na Ulaya, na kule Simancas, Hispania, akazikuta karatasi za mahakama ya dini iliyokuwa Lima, ile iliyowatesa watu kwa kushukiwa kwamba wanafuata Uyahudi kwa siri, akaandika vitabu juu ya mahakama hizo, vingine akavichapa kwa mtambo uliokuwa nyumbani kwake. Mwaka 1925 akaikabidhi maktaba yake yote kwa Maktaba ya Taifa ya Chile na mpaka leo ina chumba chake chenye jina lake. Mtu akikuambia historia ya majina muulize kaona karatasi gani, huyu alizishika kwa mikono yake.

SWALI: Nikijaliwa kufika Hispania nianze na Medina ipi? (Msafiri mtarajiwa)

JIBU: Medina del Campo, usisite. Medinaceli ina tao la Kirumi lenye milango mitatu ambalo halina mwenzake Hispania, na ndiko alikofia Almanzor, mtawala mkali wa Córdoba, mwaka 1002, lakini ni kamji kadogo, nusu siku umemaliza. Del Campo ndo utakaa.

Karne ya 15 na 16 pale ndo palikuwa soko la fedha la Hispania. Yalikuwa maonyesho ya biashara mara mbili kwa mwaka, wanakuja Waflandria, Waitalia, Wareno, Wafaransa, sufu inauzwa, vitambaa, viungo, vitabu, na cha muhimu kuliko vyote ni karatasi, hati za kuahidi malipo, mtu analipia Medina deni la Antwerp bila kubeba sarafu hata moja njiani. Mambo ya benki tunayoyaona ya kawaida leo yalikuwa yanafanyika pale uwanjani mbele ya kanisa. Malkia Isabel, yule aliyempa Columbus ruhusa na fedha za safari, alifia kwenye mji huo tarehe 26 Novemba 1504, katika jumba lililoko pembeni ya uwanja huo huo. Mtoto wa mji huo pia ni Bernal Díaz del Castillo, askari aliyekwenda na Cortés kuiteka Mexico na uzeeni akayaandika aliyoyaona.

Halafu panda kwenye ngome ya La Mota, ya matofali mekundu, Cesare Borgia mtoto wa papa alifungwa humo na akatoroka mwaka 1506. Ila ukifika naomba ukumbuke Agosti 1520. Miji ya Castile, ufalme wa katikati ya Hispania, ilikuwa imeasi dhidi ya mfalme Carlos, mizinga ya mfalme imehifadhiwa Medina, kamanda wake akaja kuichukua akaipige Segovia. Watu wa Medina wakakataa, hatutoi mizinga ikaue majirani zetu. Akauchoma mji. Nyumba kwa mamia, na monasteri ambayo wafanyabiashara walikuwa wamehifadhi bidhaa zao, vyote vikateketea, na bado hawakuitoa. Sijui mji mwingine wa wachuuzi uliokubali kupoteza mali yote namna ile kwa ajili ya jirani. Maonyesho yalirudi baadaye, yakaja kuuawa taratibu na serikali yenyewe iliposhindwa kulipa madeni yake mara kwa mara, na mji ukanywea.

SWALI: Mbona Marekani kuna Medina kibao, na Uingereza nayo mto Medina? Wote hao ni Wahispania? (Mdadisi)

JIBU: Wachache tu. Kule Texas ndiyo, mto Medina ulipewa jina na msafara wa Wahispania mwaka 1689, na inaelezwa kwamba gavana Alonso de León alimkumbuka yule yule Pedro de Medina wa kitabu cha ubaharia, kwa hiyo jina lilitoka kwenye mji likaingia kwa mtu, likatoka kwa mtu likaingia kwenye mto, na mwaka 1848 kaunti nzima ikaitwa hivyo. Karibu na mto huo tarehe 18 Agosti 1813 ilipiganwa vita iliyoua watu wengi kuliko nyingine yoyote katika ardhi ya Texas, waliotaka kujitenga na Hispania walichinjwa kwa mamia na jeshi la mfalme, na mahali hasa ilipopiganwa pamebishaniwa kwa miaka mingi.

Medina ya Ohio na ile ya jimbo la Washington, ambako Bill Gates ana nyumba yake, hazina Uhispania ndani yake. Waanzilishi walichukua jina la Madina ya Arabuni moja kwa moja, tena ile ya Ohio mwanzoni iliitwa Mecca, ikabidi ibadilishwe kwa kuwa palikuwepo pengine penye jina hilo, na watu wa huko wanatamka Medaina, ukisema Medina kama ulivyosoma hapa watajua wewe ni mgeni. Na mto wa Uingereza uko kisiwa cha Wight, unakipasua karibu katikati, na jina lake ni la Kiingereza cha kale kabisa lenye maana ya wa kati. Huo hauna Mwarabu, hauna Mhispania, ni kufanana tu kwa sauti.